Makaa ya Mama Zaina

Mtoto wa Hilaire alitoka majipu mgongoni, na majipu yenyewe yalifuata mshono wa kishati chake, moja baada ya jingine. Mtu asiyejua kazi ya nguo angeona majipu tu. Lakini Évariste, mwenye duka, alikulia kwenye mvuke wa pasi, na Clémence, mama wa mtoto, alipomlaza mwanawe juu ya meza ya duka na kumfunua mgongo, yeye alitambua mara moja. Yale hayakuwa majipu. Yalikuwa mafunza. Nzi hutaga kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, pasi isipopita pale mayai yanabaki mazima, na mtu akivaa, mdudu anatoboa ngozi, anaingia na kunenepa humo kama yuko kwao.

“Tazama muzuri,” Hilaire alimwambia. “Hii ndiyo chemise ya ubatizo. Ilitoka hapa kwako. Mutoto aliivaa, akalala nayo. Bon. Leo unaona mwenyewe.”

Hakupaza sauti, na hapo ndipo palipouma. Angetukana, Évariste angejua pa kumshika. Hilaire alikuwa karani wa ofisi ya utawala, mtu wa tai na shati jeupe siku zote za Mungu, na ni yeye aliyemdhamini Évariste ili apewe kibali cha kufungua duka la dobi pale mtaani Mangobo. Kibali hicho kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi. Bila sahihi ya Hilaire kisingefufuka, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana.

Hilaire alisema hataki makelele ya barabarani. Jumapili, misa ikiisha, angemngoja Évariste nyumbani kwake. “Utanieleza ni mukono wa nani ulipiga ile pasi,” alisema, “na kama ule mukono ungali hapa kwako.” Kisha akamfunika mtoto kwa kitambaa, akamwachia mkewe njia, wakatoka.

Wateja wawili walikuwa wamesimama pale na mafurushi yao, wamesikia kila neno. Mmoja akakumbuka ghafla kwamba mke wake bado ana sabuni nyumbani. Mwingine hakutafuta hata sababu. Alisema kesho, akaenda na furushi lake kichwani, na Évariste akabaki akiitazama meza yake tupu.

* * *

Nyuma ya duka, katika kiwanja kilekile, palikuwa na kibanda cha mabati kilichozibwa kwa mkeka upande wa barabara. Humo ndimo nguo zilimopigwa pasi, na aliyekuwa akizipiga ni Mama Zaina, mama mzazi wa Évariste. Mumewe, Papa Daudi, alikaa kando akikunja nguo kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yameshamwacha. Lakini mjini hakuna aliyejua kwamba wazee hawa wanafanya kazi, na hakuna aliyetakiwa kujua.

Sababu yake ni mdomo wa Évariste mwenyewe. Siku ya kufungua duka alikuwa amealika watu, akanunua limonadi, akapanda juu ya sanduku akiwa na tai mpya, na akahutubu. Akawaambia wageni jinsi baba na mama yake walivyotoka Kasongo kwa miguu hadi Kindu, wakapanda boti na treni kuja Kisangani, wakiwa na kikapu kimoja na mimba moja, na mimba hiyo ndiyo yeye. Jinsi baba alivyofulia Wazungu hadi sabuni ikamla vidole. Jinsi mama alivyopiga pasi mashati ya makapera wa mitaa ya cité ili yeye asome. Mwisho akainua mkono na kusema: “Kuanzia leo, mikono ya wazazi wangu haitashika tena pasi. Imepumzika!” Watu wakapiga makofi, Hilaire akavua miwani na kuifuta. Mama Zaina naye akapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote.

Kesho yake alfajiri Évariste alimkuta kwenye meza ya pasi. Mpiga pasi wa kuajiriwa alitaka mshahara, na duka lilikuwa bado halijaingiza hata pesa ya kwanga moja, ule mkate wa muhogo. Mama Zaina akamuuliza mwanawe kwa nini amlipe mtu wakati yeye yuko. Évariste alipinga, ila alipinga kama mtu anayejua atashindwa. Wakakubaliana mkeka utundikwe, na mama asitokeze mbele wateja wakiwapo. Ikawa hivyo mwaka mzima. Ahadi ni deni, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanyeje kama anayemdai ndiye anayekataa kulipwa.

Basi Hilaire alipoondoka asubuhi hiyo, Évariste aliingia kibandani, akachukua shati moja kwenye rundo lililokwisha kupigwa. Nje lilikuwa limenyooka, kola imesimama kwa kanji ya muhogo. Akaligeuza. Ndani mishono ilikuwa na makunyanzi yaleyale ya juani, pasi haikugusa. Akachukua la pili, na la tatu. Yote namna moja.

“Varisti, kujako kwanza uone kitu,” mama yake alimwita. Jina hilo la kizungu halikuwahi kumkaa mdomoni. Lilikuwa la shule. Misheni haikumpokea mtoto hadi abatizwe, na Papa Daudi, ambaye hakuwahi kukosa msikiti siku ya Ijumaa, alimpeleka mwanawe mwenyewe, akasimama juani nje ya kanisa hadi ibada ikaisha, akamshika mkono wakarudi nyumbani. Tangu siku hiyo mama alimwita Varisti, na wala hakulalamika.

Mama Zaina alimpeleka nyuma ya jiko, akafunua turubai. Palikuwa na magunia mawili ya makaa, yamejaa hadi mdomoni, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Akayapiga kofi kama mtu anayempiga mbuzi wake mnono.

“Hii yote nilibakisha,” alisema. “Mvua ikizidi, makaa itapanda bei. Weye hautanunua.”

Évariste aliuliza aliyabakishaje, ingawa alikuwa amekwisha kujua.

“Ninapiga upande wa inje tu. Ya ndani nani anaiona?” Alicheka kidogo. “Ni vile tu nilikusomesha.”

Na kweli ni vile. Kila kipande cha makaa alichokibana kilikuwa kimegeuka daftari, kikageuka kalamu, kikageuka viatu vya shule. Nguo za nyumbani hazikupigwa pasi kabisa, na watoto wa Mangobo wote walitoka mafunza, wakapakwa mawese, wakakamuliwa, wakalia, wakaenda kucheza. Nani hakukamuliwa funza utotoni? Mama Zaina hakuwahi kuliona hilo kuwa ugonjwa. Na majuma yale ya mvua, kamba zilipojaa, alitandika nguo ndogondogo kwenye majani nyuma ya nyumba, palipopata jua kidogo. Nzi naye alikuwa na mahali pake pa kutaga.

Évariste alifungua mdomo amwambie. Mama yake alikuwa akimtazama, uso umejaa furaha, akingoja kusifiwa. “Umefanya vizuri, mama,” alisema, na akarudi dukani akijichukia.

* * *

Juma lile lilikuwa refu. Wateja hawakugombana naye. Walikuja kwa adabu kuchukua nguo zao, hata ambazo hazijafuliwa, na kila mmoja alikuja na kisingizio chake mkononi. Fundi seremala, aliyekuwa akileta mashuka yake kila Alhamisi, alisema ni mke wake tu, wewe unajua wanawake. Mwalimu mmoja alinusa suruali yake kabla ya kuipokea, kama vile funza ana harufu. Sokoni, muuza samaki mmoja alimwona Évariste akipita, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wake: “Kikulacho ki nguoni mwako!” Wanawake wakacheka hadi vitenge vikawalegea. Évariste naye akatabasamu, maana angefanya nini.

Ijumaa, Papa Daudi alitoka msikitini, akakaa kwenye kizingiti cha duka na kumwita mwanawe. Alikuwa amekwisha kusikia yote. Mtu kipofu husimuliwa habari na kila mtu, watu hudhani kwamba kwa kuwa haoni basi na neno halitamfika moyoni.

“Mutu wa ofisi anataka jina,” alisema. “Umupe yangu. Macho yangu ilikufa, kila mutu anajua. Hatashangaa.”

“Papa, nilisema mbele ya watu kwamba mumepumzika.”

Mzee alisugua vidole vyake vilivyoliwa na sabuni. “Ile maneno,” alisema, “sisi hatukukuomba.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele. Évariste akakaa chini karibu naye. Muda mrefu walitazama barabara, yaani Évariste alitazama, baba alisikiliza. Kisha kijana akamweleza alichopanga. Angesema palikuwa na mwanamke wa kibarua, kutoka Lubunga ng’ambo ya mto, aliyekuja kusaidia siku za mvua. Ndiye aliyeharibu. Wamemfukuza, amevuka mto, kwisha. Nani angevuka mto kwenda kumtafuta mtu asiyekuwapo? Jina la mama lingebaki safi na kibali kingepatikana.

“Mama yako umemwambia?” Papa Daudi aliuliza.

“Bado.”

“Alors, mimi nitamwambia,” mzee alisema, akainuka akishika ukuta. “Weye ulisoma sana. Hii haukusoma.”

* * *

Jumapili Évariste alivaa suruali ya kijivu na shati jeupe. Alipotoka uani alimkuta Mama Zaina kwenye kizingiti, amejifunga kitenge chake kizuri cha Idi, kichupa cha mawese mkononi. Akamwambia abaki. Mama akauliza: mtoto ana mafunza, na yeye akae nyumbani kufanya nini? Akaanza kutembea. Njiani Évariste alikohoa, akasema, “Mama, kule nitasema kwamba...”

“Papa yako aliniambia,” alijibu, akaongeza mwendo.

Sebule ya Hilaire ilikuwa na viti vya mito vyenye vitambaa vya kufuma, na redio iliyofunikwa kama mgonjwa. Hilaire alimpa Mama Zaina kiti kilicho bora, akamwita mama, akaagiza aletewe limonadi. Clémence alikuja na mtoto begani, uso umechoka kwa kukesha. Évariste alibaki ukingoni mwa kiti, akasema yale aliyoyapanga: kibarua, mwanamke wa Lubunga, siku za mvua. Maneno yalitoka laini kuliko alivyotazamia. Hilo nalo lilimtisha.

“Anaitwa nani?” Hilaire aliuliza.

Évariste hakuwa amefikiria jina. Mama Zaina aliweka glasi chini.

“Jina hatukumuuliza,” alisema. “Alikuwa anafanya kazi tu.”

Hilaire alitikisa kichwa. Alisema ndiyo maana mji huu hauendelei. Unamchukua mtu aliyetoka huko, unampa kazi, anakuletea uvivu. Kupiga pasi upande mmoja! Hata haya hana?

“Hapana uvivu, mwanangu,” Mama Zaina alisema polepole. “Alikuwa anabakisha makaa.”

“Makaa ya nani, mama? Si ya tajiri wake? Haikuwa yake abakishe.”

“Ndiyo,” alisema. “Haikuwa yake.”

Évariste aliangalia viatu vyake. Hilaire akauliza kama mwanamke huyo bado yuko pale dukani, na Évariste akajibu kwamba walimfukuza. Lakini Hilaire alikuwa mtu wa heshima, na neno la kijana bila la mzee halikumtosha. Akamgeukia Mama Zaina. “Ni kweli, mama? Neno yako ndiyo nitaamini.”

Pale Évariste aliomba Mungu wa kanisani na Mungu wa baba yake pia. Hakujua mwenyewe anaomba mama aseme nini.

“Ni kweli,” Mama Zaina alisema. “Hatarudi tena.”

Hilaire akapumua. Akasema kwamba wamama wa zamani kama yeye wasingefanya uchafu wa namna ile, wao walipiga pasi kwa roho moja, ndiyo maana walilea watu kama Évariste. Akainuka kwenda chumbani kutafuta kalamu na mhuri. Mama Zaina alikuwa ameshanyoosha mikono kumpokea mtoto.

Alimlaza mapajani kifudifudi, akampaka mawese juu ya kila uvimbe, akangoja. Funza akikosa hewa hujitokeza mwenyewe, haifai kumlazimisha. Alikuwa akiimba kitu kidogo cha Kasongo kwa pua, na mtoto akatulia. Kichwa cheupe cha funza kilipochungulia, alikibana kwa vidole viwili, kikatoka chote, hakikukatika. Clémence aliinama karibu kumfuta mtoto. Ndipo alipouona upande wa ndani wa mkono wa Mama Zaina. Chini ya kiwiko palikuwa na alama ya kuungua, nyekundu bado, imenyooka kama ukingo wa pasi. Juu yake palikuwa na nyingine iliyokwisha kuwa nyeusi, na nyingine ya zamani zaidi.

Clémence aliinua macho. Alimtazama Mama Zaina, kisha akamtazama Évariste, kwa muda ambao Évariste hatausahau. Chumbani mumewe alikuwa akifungua makabati akitafuta mhuri. Clémence alichukua kitambaa, akafuta damu kidogo iliyobaki, akamshika mwanawe.

Hilaire akaweka sahihi, akapiga mhuri, akampa Évariste mkono na kumwita ndugu. Walipokuwa mlangoni, Clémence aliwafuata na mtoto begani.

“Mama,” alisema, “mukimuona yule mwanamke, mumwambie mutoto anapona.”

Mama Zaina alisimama. Alikuwa amejizuia asubuhi yote, na sasa alimshika mtoto unyayo.

“Nitamwambia,” alisema.

* * *

Jumatatu Évariste aliamka na moyo mwepesi kidogo. Kibali kilikuwa kimekaa mfukoni, habari za kufukuzwa kwa mwanamke wa Lubunga zilikuwa zimeshazunguka Mangobo nzima, na seremala alikuwa amerudisha mashuka yake kabla jua halijachomoza vizuri. Aliingia kibandani na furushi. Meza ilikuwa safi, pasi imesimamishwa kando, majivu yamemwagwa, tumbo lake limefutwa kwa kitambaa. Papa Daudi alikuwa mahali pake, mikono tayari, akingoja nguo za kukunja.

Mama Zaina alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba, kwenye kigoda, amevaa kitenge chake cha Idi siku ya kazi.

“Mama, pasi imezimika,” Évariste alisema.

“Iko inangoja mutu.”

Alimwambia waendelee kama zamani, ila wapige pande zote mbili. Angenunua makaa zaidi. Mkeka upo, nani ataona?

“Mutu wa ofisi aliniuliza, nikasema hatarudi,” mama yake alisema. “Nilisema uongo kwa sababu yako, mara moja. Unataka iwe mara mbili?”

Évariste alichuchumaa mbele yake. Alitaka kumwambia kwamba yote yalikuwa kwa ajili yake, duka, tai, ile hotuba, hata uongo wenyewe. Kwamba hakumfukuza yeye. Kwamba hakuwa na maana hiyo. Kilichotoka kilikuwa kifupi na kibaya. “Nilitaka upumzike, mama.”

“Bon,” alisema. “Napumzika.”

Hakukuwa na pesa za kuajiri mtu, bado. Évariste alirudi kibandani, akafungua tai, akaitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati. Ilikuwa miaka tangu awashe pasi mwenyewe. Alipuliza makaa machache yaliyobaki kwenye ndoo hadi macho yakamtoka machozi, na moshi ukamwingia baba yake, mzee akakohoa.

“Makaa iko nyuma ya jiko,” sauti ya mama ilimfikia kutoka mlangoni. “Gunia mbili. Utumie yote.” Kisha tena: “Na nguo uipindue kwanza. Anza na ya ndani.”

Aliipindua. Alianza na mashuka ya seremala, akaja mashati, pande zote mbili, mishono na pindo, jasho likimdondokea kwenye nguo na kukaukia palepale chini ya chuma. Mchana haujafika alikuwa amejichoma kiganja. Gunia la kwanza lilikuwa limeshalegea mdomo. Na kila alipoinua kichwa kupumua aliiona, pale mlangoni, mikono ya mama yake, imelazwa mapajani, haina kazi, imepumzika kama alivyowaahidi watu wote.